Doa Sugu na Dawa Zake

Msomaji, doa ni kitu kidogo, lakini watu walioshindwa na simba ni wachache kuliko watu walioshindwa na doa. Kikombe cha chai huponyoka mkononi kwa nukta moja tu. Alama yake juu ya kiti cha motokaa yaweza kukaa miaka kumi. Mwenye gari huitazama kila asubuhi, na moyo wake hukereka. Huisugua kwa nguvu, na doa hupanuka. Huimwagia maji ya moto, na doa hukaza zaidi. Huipaka kila kitu chenye harufu kali, na mwishowe kiti huchakaa lakini doa husalia. Kosa la mtu huyu si uvivu, kwa maana ametoka jasho. Kosa lake ni kupigana na adui asiyemjua.

Katika insha hii nataka kukusimulia jinsi wanadamu walivyojifunza kumjua adui huyo, hasa yule akaaye ndani ya motokaa. Ni habari ya watu wenye akili na subira, na pia ni habari ya watu walioumia kwa dawa walizozitumia kabla ya kuzijua. Usidhani kuwa ni mambo ya mzaha. Kijana aoshaye magari leo kando ya barabara zetu hushika mkononi vitu ambavyo vina historia. Asipoijua historia hiyo, yaweza kumgharimu ngozi yake, mapafu yake au uhai wake.

Na tuanze na safari moja mashuhuri. Mwaka 1886, Carl Benz wa mji wa Mannheim, Ujerumani, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa gari lendeshwalo kwa injini. Watu walilitazama gari lile kwa mashaka. Mwezi wa Agosti 1888, mkewe, Bertha Benz, alilichukua bila ya kumwarifu mumewe, akawapandisha wanawe wawili, Eugen na Richard, akashika njia kwenda kwa mamaye katika mji wa Pforzheim, mwendo wa kilomita zaidi ya 100. Njiani mafuta yalipungua. Wakati ule hapakuwa na kituo cha petroli hata kimoja duniani. Bibi yule alifanya nini? Aliingia katika duka la dawa katika mji mdogo wa Wiesloch, akanunua ligroini. Ligroini ni mafuta mepesi, ndugu wa petroli, na watu waliyanunua dukani kwa ajili ya kuondolea madoa katika nguo.

Tazama basi maajabu haya! Dawa ya madoa ilikuwa chakula cha motokaa kabla motokaa haijawa na madoa ya kutibiwa. Shika jambo hili katika kumbukumbu yako, kwani tutalirudia.

Motokaa za kwanza zilikuwa wazi, bila ya paa wala vioo vya pembeni. Viti vyake vilikuwa vya ngozi iliyojazwa singa za farasi, kama viti vya magari yaliyokokotwa na wanyama. Vumbi, mvua na tope vilikuwa wageni wa kila siku. Lakini ngozi iliyotengenezwa vizuri hainywi upesi. Ilipanguswa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, ikakaushwa kivulini, ikapakwa mafuta, ikarudi katika uzuri wake. Katika miaka ya 1920, hasa huko Marekani, motokaa zilizofunikwa zilizidi zile za wazi kwa wingi. Hapo motokaa ilikuwa nyumba, na nyumba hutaka mapambo. Viti vikavikwa vitambaa vya sufu, sakafu ikatandikwa mazulia, na dari ikawambwa nguo. Nyuzi, tofauti na ngozi, hunywa kila kinachomwagika. Paa lililozuia mvua likazuia na hewa, jua likaipika motokaa kama chungu, na doa likapata makao ya kudumu.

Je, wanadamu walikuwa na silaha gani? Silaha ya kale kabisa ni sabuni. Watu wa kale waliipika kwa kuchanganya mafuta na majivu, na kwa karne nyingi waliitumia bila ya kujua kwa nini inafanya kazi. Majivu hayakutosha mahitaji ya viwanda. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya ufundi wa kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Ufundi wake uliwatajirisha wengine. Yeye mwenyewe alinyang'anywa kiwanda katika mapinduzi ya nchi yake, akafa maskini kwa kujiua mwaka 1806. Tena viwanda vilivyofuata ufundi ule vilitoa moshi wa tindikali uliounguza miti na mashamba, hata Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuuzuia mwaka 1863. Nguo za wengi zilitakata, na mbingu za wachache zikachafuka. Hili ni somo la kwanza: uchafu uondolewao mahali pamoja bila ya busara huhamia mahali pengine.

Sisi wa Kenya tumejaliwa kuwa na magadi yasiyohitaji kiwanda cha Leblanc. Yamelala juu ya Ziwa Magadi katika Bonde la Ufa, meupe kama theluji, na kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Magadi ya namna hiyo hutumika katika kazi ya kutengeneza vioo na dawa za kufulia. Huenda basi kioo cha motokaa na dawa inayosafisha kiti chake vikawa jamaa wa ziwa moja.

Mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Michel Chevreul, alitoa kitabu kilichoeleza asili ya mafuta na sabuni. Lakini swali moja lilibaki: ni jambo gani hasa linalotendeka juu ya uso wa maji yanapokutana na mafuta na sabuni? Jibu lilianza kupatikana mahali ambapo wataalamu hawakupatazama, nalo lilitoka kwa mtu ambaye hawakumtarajia.

Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862, akalelewa katika mji wa Braunschweig, Ujerumani. Alipenda sana elimu ya sayansi, lakini katika siku zile milango ya vyuo vikuu vya huko ilikuwa imefungwa kwa wanawake. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazazi wake wagonjwa, kupika na kuosha vyombo. Wengine huosha vyombo wakinung'unika. Yeye aliosha akitazama. Aliona kuwa uso wa maji hufanana na ngozi nyembamba iliyovutwa, na kwamba mafuta na sabuni huilegeza ngozi hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka ipatayo 20 alijitengenezea chombo: beseni refu la bati lililojazwa maji, na ukanda wa bati wa kusukumia uso wa maji huku na huku, pamoja na mizani ndogo ya kupimia nguvu ya uso huo.

Alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi hivi pasipo mwalimu wala sifa. Mwezi wa Januari 1891 alimwandikia barua mtaalamu Mwingereza, Lord Rayleigh, akamweleza aliyoyaona. Mtu mwenye kiburi angaliitupa barua ya mwanamke wa jikoni. Rayleigh hakuitupa, aliipeleka kwa jarida la Nature, nalo likaichapa mwezi wa Machi mwaka ule ule. Baadaye mtaalamu wa Marekani, Irving Langmuir, alitumia chombo cha namna ile ile, na mwaka 1932 alipewa tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa nyuso za vitu. Mwaka huo huo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Bibi Pockels shahada ya heshima. Alikuwa na umri wa miaka 70. Alifariki mwaka 1935.

Kutokana na kazi ya watu kama hao, leo twajua siri ya sabuni. Kila chembe yake ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Mikia hujichomeka katika tone la mafuta, vichwa hubaki nje majini, na tone lote hung'oka katika uzi kama mchi unavyong'olewa kinuni. Kwa hiyo sabuni haihitaji ghadhabu, yahitaji muda. Asuguaye kabla sabuni haijashika mafuta huyasukuma ndani zaidi.

Lakini yako madoa ya mafuta mazito, kama vile grisi na lami, ambayo sabuni huyaweza kwa taabu. Wahenga walisema kuwa dawa ya moto ni moto. Na kwa hakika dawa ya mafuta ni mafuta. Yasimuliwa kuwa katikati ya karne ya 19, huko Paris, mpiga rangi wa nguo aitwaye Jean-Baptiste Jolly aliona kitambaa chake cha meza kimetakata mahali palipomwagikiwa mafuta ya taa, akaanzisha kazi ya kusafisha nguo bila ya maji. Hapo zikaingia petroli, ligroini na benzini, kile kimiminiko alichokigundua Michael Faraday mwaka 1825. Madoa yaliondoka kama kwa uganga.

Sasa turudi kwenye ile chupa ya Bertha Benz. Kitu kiwezacho kuendesha injini kwa kuripuka ndani yake hakiachi tabia yake kinapomiminwa juu ya kiti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ndani ya motokaa hujikusanya chini, miguuni, usionekane na mtu, ukingoje cheche moja ya kiberiti au ya waya. Watu waliungua, na viwanda vya kusafishia nguo viliteketea. Benzini nayo ilikuwa na uovu wa siri: miaka mingi baadaye ilithibitishwa kuwa huleta saratani ya damu. Tena tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini zisigonge, na risasi ni sumu ya akili, hasa kwa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwa mojawapo, ziliacha kuuza petroli ya namna hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kabla ya hapo, aliyesafisha kiti kwa petroli aliondoa grisi akaacha sumu mahali pa kukaa mwanawe.

Watu walipoogopa moto walitafuta dawa isiyowaka. Waliipata katika kaboni tetrakloridi, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1839. Haikushika moto kamwe; hata ilitiwa katika vyombo vya kuzimia moto. Iliuzwa katika vichupa vidogo kwa ajili ya madoa ya nguo na viti, na watu wakaishangilia kuwa ni dawa ya usalama. Lakini mvuke wake uliwadhuru ini na figo, na wanywaji wa pombe walidhurika zaidi. Watu waliitumia ndani ya vyumba na magari yaliyofungwa, wakaugua, na wengine wakafa. Marekani iliipiga marufuku katika bidhaa za nyumbani mwaka 1970. Mwaka 1990 mataifa yaliiongeza katika orodha ya vitu vya kuachwa, kwa sababu ilikuwa ikiharibu pia tabaka la hewa ya juu lituhifadhilo na ukali wa jua. Hili ni somo la pili: aliyekimbia moto asidhani kuwa amekimbia kila hatari.

Iko silaha nyingine ambayo sharti niitaje kwa hadhari. Mwaka 1774, Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alitoa gesi ya rangi ya kijani na manjano, ambayo baadaye iliitwa klorini. Katika miaka ya 1780 Mfaransa Claude Berthollet aligundua kuwa gesi hiyo hufuta rangi, na ikatengenezwa dawa ya maji ya kung'arisha nguo. Dawa za jamaa hiyo tunazo majumbani hadi leo. Lakini tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliifungulia gesi ile ile ielekee kwa askari wa upande wa pili, na maelfu walidhurika mapafu, wengi wao wakafa. Jua basi, msomaji, kuwa mtu achanganyaye dawa ya klorini na siki au ndimu, kwa kudhani kuwa dawa mbili zina nguvu kuliko moja, huizalisha gesi hiyo hiyo ya vita. Akifanya hivyo ndani ya motokaa milango ikiwa imefungwa, amejifungia katika handaki la Ypres. Usichanganye dawa. Wala klorini si dawa ya kiti cha gari, maana hufuta rangi ya kitambaa pamoja na doa.

Mambo yalibadilika tena ilipokuja plastiki. Mwaka 1926 Waldo Semon, mtaalamu wa kampuni ya mipira huko Marekani, alikuwa akitafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Gundi hakuipata, badala yake alipata njia ya kuilainisha plastiki ngumu ikawa kama ngozi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ngozi hiyo ya bandia ilienea katika motokaa, juu ya viti na katika mbao za mbele. Haikunywa chai wala maziwa, na ilipanguswa kwa kitambaa kibichi. Magari ya abiria yaliipenda kwa sababu hiyo. Kwetu, matatu zilipopewa ruhusa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973 kuchukua abiria bila ya leseni ya mabasi, idadi yao ilikua upesi. Na kiti kikaliwacho na watu wengi mchana kutwa chahitaji vazi lisilonywa.

Walakini plastiki ina udhaifu wake. Vilainishi vilivyotiwa ndani yake hutoka polepole kwa joto la jua, vikajipaka kama ukungu katika kioo cha mbele, na plastiki ikakakamaa na kupasuka. Rangi ya nguo mpya na wino wa kalamu huweza kuzama ndani yake. Na dawa kali za kuyeyushia rangi huiyeyusha plastiki yenyewe. Aliyezoea kusafisha ngozi kwa dawa fulani asidhani kuwa plastiki itaistahimili.

Silaha ya mwisho nitakayoitaja ni ya upole kuliko zote. Mwaka 1913, Mjerumani Otto Röhm alipata hati ya kutumia vimeng'enya katika kufulia. Vimeng'enya ni vitu vilivyo ndani ya viumbe hai, kama vile tumboni, ambavyo humega chakula. Röhm alifikiri hivi: ikiwa tumbo laweza kumega nyama na maziwa, kwa nini lisitufundishe kumega doa la damu? Fikira yake ilingoja miaka 50 hivi kabla ya kuzaa matunda makubwa, lakini leo dawa nyingi za kufulia zina vimeng'enya ndani yake.

Sasa, baada ya safari hii, na tukirudie kile kiti chenye doa. Historia yatufundisha kuanza kwa swali, si kwa brashi: doa hili ni la nini, nalo liko juu ya nini? Ikiwa ni damu, maziwa au yai, tumia maji baridi, kwa sababu joto hugandisha vitu hivyo katika nyuzi kama yai ligandavyo katika maji yachemkayo. Ikiwa ni mafuta ya chakula, nyunyizia unga uyanywe kwanza, kisha tumia sabuni ya maji vuguvugu na uipe muda. Ikiwa ni tope jekundu la nchi yetu, lile lililozichafua motokaa za mashindano ya Safari tangu yalipoanza mwaka 1953, usiliguse likiwa bichi. Wekundu wake ni chembe za kutu ya chuma. Liache likauke, likung'ute kwa brashi, lililosalia ndilo la kuoshwa. Ikiwa ni kutu yenyewe juu ya kitambaa, maji ya ndimu huiyeyusha, kisha uyasuuze vema. Ikiwa ni wino, gusagusa kwa spiriti kidogo katika kitambaa cheupe, ukianza ukingoni na kuelekea katikati ili doa lisienee. Lakini ijaribu spiriti kwanza mahali pa siri, nayo hushika moto, basi usiitumie karibu na cheche.

Katika hayo yote, fungua milango yote ya gari. Usikiloweshe kiti, kwani maji yakizama katika sifongo huzaa kuvu, na chini ya viti vya motokaa za leo mna nyaya za umeme. Petroli iache katika tangi lake. Tena usingoje: usipoziba ufa utajenga ukuta, na doa la leo ni jepesi kuliko doa la juzi.

Huenda utasema, "Mimi sina motokaa, habari hii yanihusu nini?" Yakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, huenda kesho wewe au nduguyo mkapata riziki kwa kusafisha magari ya wengine, na mwenye gari atakayekupa chupa isiyo na jina atafikiria kiti chake kabla ya kufikiria mapafu yako. Iulize chupa ile jina lake kabla ya kuifungua. Pili, kumbuka kuwa mmoja wa watu waliotufunulia siri ya maji na sabuni alikuwa msichana aliyenyimwa chuo, akiosha vyombo vya nyumba ya babaye. Kazi ya kuondoa uchafu imedharauliwa katika kila nchi, na waifanyao hawaulizwi maoni yao. Lakini hakuna aliyesimama karibu na ukweli wa doa kuliko wao. Mwenye kusugua tu hubaki na mkono uliochoka. Mwenye kusugua akitazama aweza kufungua mlango ambao mabwana wa elimu waliupita wasiuone.